Puto Jeupe Juu ya Kinama

Mwezi uliopita tulimaliza matanga ya Salvatori. Kwetu mtu akishazikwa, unapita kama mwaka hivi, kisha ukoo na marafiki wanakutana tena, wanakula, wanakunywa, wanasema maneno ya mwisho, na kuanzia siku hiyo mjane anaruhusiwa kuivua huzuni. Tulikaa Kinindo, katika ua wa binti yake, chini ya hema la kukodi. Sahani zilipoanza kuondolewa, Yolanda, mjane mwenyewe, alinifuata kwenye kiti changu akanishika bega. "Gode, we njo utasema ya kazi. Wengine wamesema ya kanisa, ya mpira, hata ya ulevi wake. Ya balo, ile puto yenu, hakuna mwenye anaijua isipokuwa we." Nilisimama. Nilisema kwamba marehemu alikuwa mcheshi, kwamba alifika kazini mapema, kwamba Mungu amlaze pema, nikakaa. Yolanda alinitazama kwa mbali, akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeagiza nyama akaletewa maharage. Miaka yote hii nikianza kuisimulia siku ile huishia mahali palepale, pale nilipoapa. Kwa hiyo naandika hapa kile nilichoshindwa kukisema chini ya lile hema.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na diploma ya jiografia, na nilipata kazi ya uangalizi wa hali ya hewa katika kituo kidogo pembeni ya uwanja wa ndege, nje ya Bujumbura. Mimi ni mtu wa kuwaza sana, na vita vilinipa mengi ya kuwaza. Kila asubuhi kabla ya kutoka nilipanga salamu: nikikutana na kundi hili nisalimie kwa Kirundi, nikikutana na lile nisalimie kwa Kiswahili, nikicheka nisicheke sana, nikikaa kimya wasidhani nawadharau. Nilivaa viatu vya kufungwa hata siku za joto, kwa sababu kandambili hazifai kukimbilia. Nilipofika kazini mchana wangu ulikuwa tayari umechoka. Salvatori, mwenzangu wa zamu, alikuwa akiniona mlangoni anasema, "Karibu, mademoiselle. Leo umeshakufa mara ngapi njiani?" Nami nilikuwa najibu kwa ukweli kabisa, "Mara mbili," naye anacheka mpaka anakohoa.

Kituo kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu. Cha kwanza kilikuwa na meza, redio ya kupelekea ujumbe na birika la chai ambalo halikupoa kamwe. Cha pili kilikuwa cha shefu wetu, mkuu wa kituo, ambaye mwaka ule alikuja siku alizoona zinafaa. Cha tatu, kilichokuwa na mlango mpana na dirisha moja dogo, kilikuwa cha gesi. Humo ndimo tulimojazia puto, na hakuna aliyethubutu kuwasha kiberiti karibu nacho. Nje kwenye nyasi palisimama vyombo vyetu: kisanduku cheupe chenye miguu, kilichofunika vipimajoto visipigwe na jua, kipimamvua, mshale wa upepo, na mpira wa kioo, mkubwa kama chungwa, uliokusanya miali ya jua na kuchoma mstari mweusi juu ya karatasi, ili jioni tujue jua limewaka muda gani. Tulikula palepale mezani, ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, ambazo Salvatori alizileta kutoka nyumbani zimefungwa kwenye jani la mgomba. Nyuma ya ukuta wa chumba cha gesi, wanajeshi walikuwa na kibanda chao, na mazungumzo yao yalipenya: nani amepata barua, nani ameibiwa soksi, mtaa gani utafuata. Salvatori alizoea kuendelea kutafuna. Mimi nilikuwa nasimamisha tonge hewani mpaka sauti zibadili mada.

Mkuu wa kibanda kile alikuwa kaporali mmoja mrefu, mwenye macho ya usingizi, aliyekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Kirundi alikitumia kwa askari wake. Kwetu alipenda Kiswahili, hasa alipotaka kututisha. Mpira wa kioo ulimkera tangu siku ya kwanza. Aliinama akaukodolea macho, akauliza, "Hii jicho inapeleka picha wapi?"

"Kwa jua, shefu," Salvatori akajibu. "Ile picha ikifika, jua inairudisha. Inasema ni mubaya."

Askari walicheka. Kaporali hakucheka. Usiku nilikaa kitandani nikijiuliza kama kutocheka kwake kulimhusu Salvatori peke yake au kituo kizima.

Kuna kazi moja ambayo sikuiogopa kwa namna hiyo, nayo ni kutazama mawingu. Unasimama uwanjani, unaigawa mbingu katika sehemu nane, unasema ni sehemu ngapi zimefunikwa. Unasema ni mawingu ya aina gani na tumbo lake liko juu kiasi gani. Hakuna chombo kwa hilo, ni macho tu na mazoea. Na ili kujua hewa ni safi kiasi gani, tulikuwa na vitu vyetu vya kutazama, kila kimoja kwa umbali wake: mnara wa maji, paa la kanisa, kilima fulani, na mwisho kabisa milima ya Kongo ng'ambo ya pili ya ziwa. Unajiuliza swali moja: nakiona au sikioni? Lakini mwaka ule hata swali hilo liliharibika, maana siku nyingine kilichoficha paa la kanisa hakikuwa ukungu. Ulikuwa moshi, na moshi una herufi zake katika ujumbe wetu, na mimi nilisimama na kalamu nikiwaza ni nani duniani atasoma herufi hizo na atauliza nini. "Andika tu," Salvatori alisema. "Pilote anataka kujua kama ataona barabara ya kushukia. Hakuulizi nani amewasha."

Na yeye ndiye aliyekuwa na sababu ya kuuogopa moshi, kwa kuwa alikaa Kinama, mmoja wa mitaa iliyokuwa ikichomwa. Alikaa upande wa mwisho, ambako nyumba zinaisha na mashamba ya mpunga yanaanza kuelekea kwetu uwanjani. Alikaa na Yolanda, mwanamke wa Uvira, kule Kongo, ambaye mwaka ule alikuwa na mimba ya kwanza na hasira za mimba ya kwanza. Yolanda hakukubali kumwona mumewe akitoka asubuhi bila kujua kama amefika. Simu hawakuwa nayo. Basi wakapatana juu ya puto. Kila asubuhi tulikuwa tunarusha puto moja lililojazwa hidrojeni, ambalo hupaa kwa mwendo unaojulikana. Mmoja wetu alilifuata kwa teodoliti, ile darubini ya miguu mitatu, akitaja pembe zake kila dakika, na mwenzake akiandika. Kutokana na pembe hizo tulihesabu upepo wa juu. Puto jeupe lilikuwa la siku ya mbingu ya buluu, jekundu la siku ya mawingu, ili lisitupotee machoni. Salvatori alimwambia mkewe: ukiona balo, ujue nimefika. Naye Yolanda alikuwa anasimama nyuma ya nyumba, anaweka kiganja juu ya macho, anaona nukta inapanda, ndipo anakwenda kuchota maji.

Siku moja msimu wa mvua ulipokuwa umekolea, Salvatori hakuweza kurudi nyumbani. Jioni barabara ya kwao ilifungwa, na ilisemekana Kinama imezingirwa. Akalala juu ya meza. Nilipofika asubuhi nilimkuta katika chumba cha gesi, amekaa chini kati ya mitungi, mashati mawili mwilini, macho mekundu. Kwa mara ya kwanza hakuniuliza nimekufa mara ngapi. "Kaporali asijue niko hapa," alisema. "Jana wamesema mwenye anatoka Kinama wamulete kwa kibanda, wamuulize." Nyuma ya ukuta tulisikia mtu akikwangua sufuria. Kisha akanong'ona lile lililomkalia rohoni usiku kucha. "Gode, Yolanda atangojea balo. Akikosa kuiona, atasema nimekufa. Atatoka kunitafuta. Namujua. Atapita barabara kubwa, na tumbo yake ile, mbele ya kila mutu mwenye bunduki."

Niliwaza. Nilijaribu kutafuta njia ambayo isingenipitisha kwenye kibanda, na kila niliyoipata iliishia kwenye kibanda. Amri ilikuwa kwamba puto lisirushwe kabla ya kumjulisha kaporali. Shefu wetu hakuwa amekuja. Gesi iliyobaki ilitosha puto moja tu. Nikafunga vizuri kamba za viatu, nikaenda.

Kaporali alikuwa ananyoa ndevu kwa kioo cha gari kilichovunjika. Nilisema kuna ndege ya mizigo inayotarajiwa, rubani anahitaji upepo wa juu, na hilo lilikuwa kweli. Hakugeuka. Alinitazama ndani ya kile kioo, jicho moja tu.

"Ile balo inaita nani?"

"Haiite mutu, shefu. Inapima upepo."

"Kila siku mi naiona inaenda. Sijaona ikirudi na upepo." Askari mmoja akaguna kwa kicheko. "We umesoma. Apa."

"Niape nini?"

"Apa mbele ya Mungu ile balo haiite mutu."

Niliinua mkono. Nikaapa kwamba puto halimwiti mtu yeyote. Niliamini nasema kweli, kwa sababu nilichokitaka ni kwamba limzuie mtu asitoke.

"Sawa," kaporali akasema. "Lakini nyekundu apana. Nyekundu inaonekana mbali. Tupa nyeupe."

Nilitoka nje nikatazama juu. Mbingu ilikuwa imefunikwa yote, nane kwa nane, tabaka moja la kijivu-cheupe la mawingu ya chini yaliyobaki baada ya mvua ya usiku. Puto jeupe mbele ya mawingu yale lingeonekana na mimi niliyelishika, labda. Mtu wa Kinama asingeona kitu. Isitoshe, asubuhi upepo wetu hutoka milimani kwenda ziwani. Ungelichukua puto kulipeleka Kongo, mgongo kwa Yolanda. Nilimweleza Salvatori kupitia lile dirisha dogo. Tulipaswa kungoja jua lipashe ardhi, mawingu yapasuke, na upepo wa ziwa uamke uje upande wetu. Ndivyo inavyokuwa siku nyingi. Siku nyingine haiwi.

"Na kama ameshatoka?" aliuliza.

"Na kama tukirusha sasa asione, halafu hatuna gesi nyingine?"

Nilisikia akilia kwa namna ya mwanamume anayejizuia, pumzi zinazokatika. Nikarudi uwanjani nikasimama. Sijawahi kutazama mawingu kama nilivyoyatazama asubuhi ile. Nilitafuta mahali penye mwanga zaidi, nikapoteza, nikapata tena. Kutoka upande wa Kinama ilisikika milio miwili mitatu, kisha kimya, kisha mbwa. Paa la kanisa liliingia ndani ya moshi na kutoka. Kila dakika niliyongoja nilimuona Yolanda kichwani mwangu akifunga kitenge, akifunga mlango, akiwa tayari barabarani, akiwa tayari ameulizwa anakwenda wapi. Kisha nikamuona akiwa bado nyuma ya nyumba, kiganja juu ya macho. Sikujua nimwombee Yolanda yupi.

Asubuhi ikiwa imekwenda sana, mshale wa upepo ulilegea, ukazunguka kama mlevi, ukakaa na ncha yake kuelekea ziwani. Upepo ulikuja na harufu ya maji. Na juu ya mashamba ya mpunga tabaka likaanza kuchanika, buluu nyembamba, kisha pana, kisha dirisha zima. "Sasa!" nikasema. Salvatori alilisukuma puto nje ya mlango bila kujitokeza, nikalipokea kwa mikono miwili, likivuta kama mtoto anayetaka kushuka mgongoni. Nikaliachia. Lilipanda, likageukia mashariki, likapotea mbele ya kijivu. Kisha likaingia ndani ya buluu na jua likalipiga, nalo likang'aa kama nyota iliyokosea saa.

Nikaweka jicho kwenye teodoliti na kuanza kutaja pembe kwa sauti. Salvatori aliandika ndani ya chumba cha gesi, na niliposema namba alirudia kwa kunong'ona, "Sawa. Nyingine." Tulifanya hivyo kama siku yoyote. Lakini jicho langu halikutii. Nilitaka kujua. Nikaishusha darubini polepole, kutoka kwenye puto hadi kwenye mapaa ya Kinama, na kutoka kwenye mapaa hadi mashambani.

Chombo chetu kilikuwa cha zamani na kilionyesha kila kitu kichwa chini. Kwa puto hilo si neno, duara ni duara. Sasa nikaona mpunga ukining'inia kutoka juu, na katikati ya ule mpunga mwanamke anatembea miguu juu, furushi likiwa chini ya kichwa chake, tumbo mbele. Hakufuata barabara. Alikata moja kwa moja katikati ya shamba, na uso wake ulikuwa umeelekezwa angani. Alikuwa anakuja kwetu. Alikuwa anakuja kwenye kibanda cha kaporali.

"Pembe?" Salvatori aliuliza. "Gode? Pembe ngapi?"

Ndipo nikaelewa kitu ambacho mimi, mwenye kuwaza kila kitu, sikuwa nimekiwaza. Yolanda hakuwa na mpango wa kutoka akikosa puto. Bila puto asingejua pa kwenda. Alingoja aone mumewe yuko wapi, na tulipomwonyesha, akabeba furushi lake akaja. Tuliporusha puto ili akae, yeye alisoma: njoo.

"Nani ule?" Sauti ilikuwa nyuma ya sikio langu. Kaporali alikuwa amekuja bila mimi kusikia. Alinisogeza kwa bega, akainamia darubini, akakaa hapo muda. Kidole chake kilikuwa juu ya mkanda wa bunduki, kinauchezea. Nilijaribu kutafuta uongo. Wote niliojifunza kuupanga asubuhi zote za mwaka ule ulikuwa umeniishia.

"Ni mwanamuke wa mwenzangu, shefu," nilisema. "Ana mimba."

"Uliapa."

"Niliapa."

"Ukasema haiite mutu." Bado alikuwa na jicho kwenye kioo. "Na yeye anaiangalia balo kama vile ni padri anamuita kwa meza ya Bwana."

"Sikujua kama itamuita, shefu. Nakuapia tena."

"Usiape tena," alisema. "We unaapa vibaya." Akanyooka. Alitazama upande wa pili wa shamba, ambako kulikuwa na kibanda kingine ambacho hakikuwa chake. Nilifuata macho yake nikaona askari wawili wa kule wamesimama. Kaporali alitema mate. Kisha akawapungia wale wengine mkono mmoja juu, mara kadhaa, pole pole, kama mtu anayezuia gari. "Nenda umupokee," aliniambia. "Tembea, usikimbie. Mwambie ashushe ile muzigo kwa kichwa, wauone. Mi sitoki hapa." Nilipoanza kwenda akaongeza, bila kuinua sauti, "Na ule mwenye anakohoa mu chumba ya gesi tangu jana, mwambie atoke atengeneze chai. Atanikohoza na mi."

Nikatembea. Matope yalivuta viatu vyangu vya kukimbilia, na sikukimbia. Nyuma yangu kulikuwa na bunduki na kushoto kwangu bunduki, na katikati ya bega na bega nilihisi mahali padogo penye baridi, kama mtu amenigusa na kijiko. Nilijisemea mawingu kwa sauti, kwa sababu hakuna sala iliyokubali kuja: sehemu sita, sehemu tano, yale makubwa yanaanza milimani, yale ya chini yanaisha. Nilipomfikia nilimwambia ashushe furushi. Alilishusha. Alikuwa amelowa hadi magotini, kitenge kimechanika, midomo imekauka. Nilitegemea alie, au aniangukie. Alinyoosha shingo yake kwa mkono mmoja, akanitazama kwa hasira ya kweli kabisa, hasira ya mke wa nyumbani.

"Leo mumechelewa," alisema. "Naangalia juu tangu asubuhi, shingo inaniuma. Majirani wametoka mapema, saa ya balo, wakaniita, nikawaambia apana, balo bado. Salva amekula?"

Nilimshika mkono, tukarudi polepole, furushi nimelibeba mimi mbele ya kifua ili lionekane. Wale majirani walipita barabara kubwa. Siku chache baadaye tulisikia kwamba hakuna aliyefika, na Yolanda, aliyekaa siku hizo katika chumba cha shefu wetu, alifunga mlango na hakula. Mimi nilirudia hesabu ile mara nyingi sana: kama mawingu yangepasuka mapema; kama kaporali angeruhusu jekundu; kama upepo wa ziwa ungeamka na jua. Kila njia iliyokuwa rahisi kwetu ingemtoa Yolanda nyumbani mapema, pamoja nao. Sijawahi kujua niiweke wapi hesabu hiyo. Binti yao alizaliwa kabla mvua hazijaisha. Ndiye mwenye ua wa Kinindo.

Hayo ndiyo niliyotakiwa kuyasema. Baada ya matanga, watu walipokuwa wakitafuta viatu na funguo, Yolanda alinisindikiza hadi kwenye lango. Aliangalia juu, mazoea ambayo hajayaacha, akauliza ni ngapi leo. Nikamwambia tatu kwa nane. Akasema yeye anaona nne. Tulibishana kidogo, kisha akafunga lango nyuma yangu.

Katika kumbukumbu za kituo, pembe za siku ile zinafika mahali fulani na kukatika. Niliposhusha darubini nililipoteza puto, na hakuna aliyelitafuta tena. Upepo wa juu wa asubuhi ile haujulikani mpaka leo.